Wifi anauza bima, mume anataka benki, mimi nataka kuzeeka bila kuomba

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 42, nauza chakula karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Asubuhi supu na chapati, mchana wali, ugali na samaki. Nilianza na sufuria mbili, sasa nina wasichana wawili wa kunisaidia na kodi ya banda nailipa kwa wakati. Sina mwajiri, kwa hiyo pensheni sina. Mume wangu ni fundi ujenzi, naye vilevile: kazi ikiwepo tunakula, isipokuwepo tunasubiri. Watoto ni wawili, mkubwa yuko kidato cha tatu, mdogo darasa la nne.

Mwaka jana mama mkwe alianguka akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo sisi ndio tunaomhudumia. Silalamiki, ni mama yetu. Ila ndipo nilipoanza kukosa usingizi nikijiuliza mimi nitamwangukia nani.

Mwezi mzuri, nikishatoa mtaji, kodi, mishahara ya wasichana na mahitaji ya nyumbani, nabaki na laki moja na nusu mpaka laki mbili. Mwezi mbaya, kama Januari ya ada au Ramadhani ambapo wateja wa mchana wanapungua, nabaki na elfu thelathini, na kuna mwezi sibaki na kitu.

Sasa wifi yangu ni wakala wa bima ya maisha. Ananibana nichukue bima ya akiba ya miaka 18, laki moja kila mwezi, nikifika 60 nilipwe milioni 31. Karatasi aliyoniletea nimekutumia picha yake. Nina presha, natumia dawa kila siku, lakini wifi anasema pale kwenye fomu nisiandike, eti nitapandishiwa malipo bure. Jirani yangu wa genge naye alilipa bima ya aina hiyo miezi kumi na minne, biashara ikayumba, akaacha. Alipokwenda kudai hakupata hata senti.

Mume wangu hataki kabisa kusikia habari ya bima, anasema pesa iende benki. Kuna kijana wa benki anakula kwangu, naye ananishawishi nifungue akaunti ya malengo yenye riba ya asilimia 3 kwa mwaka, na kila nikikusanya kiasi cha maana nikihamishie kwenye akaunti ya muda maalumu kwa asilimia 8.

Nikikataa bima wifi atasema nimemdharau. Nikikubali, mume atanuna mwezi mzima. Nishike lipi?

Mama wawili, Msamvu


Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kumuuguza mama mkwe.

Umefanya jambo la maana sana kunitumia karatasi. Wengi huniandikia “wifi kasema” au “wakala kasema”, na kwa maneno matupu siwezi kumsaidia mtu. Basi tuisome pamoja.

Karatasi ina safu mbili za fedha. Ya kwanza imeandikwa “kiasi cha bima”, shilingi 20,000,000. Hiyo ndiyo kampuni imejifunga kukulipa. Ya pili imeandikwa “makadirio ya malipo ya mwisho”, shilingi 31,000,000, na pembeni yake pana kinyota. Shuka mpaka chini kabisa, kwenye yale maandishi ya kukodolea macho, utakuta maelezo ya kinyota: milioni 11 za juu ni bonasi, zinategemea kampuni itakavyopata faida, na hazina uhakika. Wifi yako hakudanganya. Alisoma safu moja tu.

Sasa piga hesabu. Laki moja kwa miezi 216 ni milioni 21.6. Kwa hiyo kile kiasi cha uhakika, milioni 20, ni pungufu ya fedha uliyotia mwenyewe. Na bonasi ikija yote kama ilivyokadiriwa ukapata hizo milioni 31, ni sawa na fedha yako kuzaa kama asilimia 3.8 kwa mwaka. Wakati huohuo bei ya mchele na mafuta haitakusubiri. Miaka ya karibuni mfumuko wa bei nchini umekuwa mtulivu, lakini wewe ni mtu mzima, unakumbuka mwishoni mwa 2011 ulipogonga asilimia 19. Tuchukulie tu asilimia 4 kwa mwaka. Baada ya miaka 18, milioni 31 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa milioni 15 na kidogo. Ukizigawa kwa miaka 20 ya uzee, ni kama elfu 63 za leo kwa mwezi. Jiulize elfu 63 inalisha nyumba yako siku ngapi.

Lakini nisimwonee wifi yako. Karatasi yake ina kitu kimoja ambacho benki haina. Ukilipa mwezi wa kwanza tu, Mungu akakuchukua mwezi wa pili, watoto wako wanalipwa milioni 20. Benki itawapa laki yako moja uliyoweka. Tena fedha ya bima kwa kawaida inakwenda moja kwa moja kwa yule uliyemwandika kuwa mnufaika, wakati akaunti ya marehemu inafungwa mpaka familia ikae kikao, iende mahakamani, msimamizi wa mirathi ateuliwe. Umewahi kuona misiba ambapo watoto wanakosa ada na huku marehemu ana fedha benki. Mimi nimeona.

Kwa hiyo hapa pana kazi mbili zimefungwa kwenye kifurushi kimoja. Kazi ya kwanza ni kuwalinda watoto ukifa mapema. Kazi ya pili ni kukulisha wewe usipokufa mapema. Bima inaifanya ile ya kwanza vizuri sana. Ya pili inaifanya kwa gharama kubwa, maana kila laki unayotoa inamegwa kwanza: kamisheni ya wakala (ambayo mwaka wa kwanza ndiyo nene), gharama za kampuni, na bei ya ile kinga ya kifo. Kinachobaki ndicho kinachowekezwa. Hapo ndipo fedha ya jirani yako ilipoishia. Mikataba mingi ya namna hii hairudishi chochote ukiivunja kabla ya miaka miwili au mitatu, na baada ya hapo inarudisha kiasi kilicho chini ya ulichochangia kwa miaka kadhaa. Yeye aliacha mwezi wa kumi na nne. Hakuibiwa, mkataba ndivyo ulivyoandikwa.

Na hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kukuambia usisaini ile karatasi, kuliko hata hesabu za riba. Wewe mwenyewe umeniambia kuna mwezi unabaki na elfu thelathini na kuna mwezi hubaki na kitu. Mkataba unaotaka laki kamili kila mwezi kwa miaka 18 ulitungwa kwa ajili ya mtu anayepokea mshahara tarehe 25. Mtu huyo naye simshauri kuukimbilia, lakini angalau hatakatika Januari. Wewe utakatika, na ukikatika mwaka wa kwanza au wa pili utakuwa umemlipa wifi kamisheni na watoto hawana kinga.

Kabla sijaenda benki, nizungumze kuhusu presha. Hapa wifi amekushauri vibaya, tena vibaya sana. Fomu ya bima ya maisha ikiuliza ugonjwa, andika ukweli wote: presha, tangu lini, dawa gani, hospitali gani. Ukificha, kampuni itapokea fedha yako miaka yote bila kukuuliza neno. Siku ukifa itaomba taarifa za hospitali, itaona kadi yako ya kliniki, na ina haki kisheria kukataa kulipa kwa sababu ulificha jambo la msingi. Watoto ndio watakaoambiwa. Afadhali upandishiwe malipo leo.

Haya, benki. Mume wako ana hoja, ila nusu. Akaunti ya malengo kwa asilimia 3 ni mahali pa kupumzishia fedha, haikuzi chochote. Riba yenyewe mamlaka ya mapato (TRA) inakata kodi ya zuio ya asilimia 10, unabaki na 2.7. Laki kila mwezi kwa miaka 18 itakupa kama milioni 27.8, chini ya makadirio ya wifi. Akaunti ya muda maalumu ya asilimia 8 ni habari nyingine: baada ya zuio inabaki 7.2, na kama ungeweza kuipata riba hiyo kwa kila shilingi tangu mwezi wa kwanza, ungefika milioni 44. Lakini huwezi, kwa sababu kule huingizi laki laki, unaingiza fungu, na kila mkataba ukiisha riba inapangwa upya. Kijana wa benki akikwambia asilimia 8, muulize ni ya miezi mingapi na ukivunja kabla ya wakati unapoteza nini. Halafu muulize kama anaweza kuongeza. Riba ya muda maalumu inajadilika, hasa fungu likiwa nene, na anayekula kwako kila siku hawezi kukasirika ukimuuliza.

Jambo la pili kuhusu benki ni usalama. Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mwenye akaunti mpaka shilingi 7,500,000 kwa kila benki. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa mkupuo, zikiwemo za Njombe, Meru na ile ya wakulima wa Kagera, na wakati huo kinga ilikuwa 1,500,000 tu. Waliokuwa na zaidi ya hapo walilipwa kiasi hicho kwanza, kingine wakaambiwa wasubiri ufilisi. Benki kubwa ni imara, sikutishi. Nasema tu akiba ya uzeeni ikishapita hapo usiirundike mahali pamoja. Na bodi hiyo inahusu amana za benki peke yake, kampuni za bima haizigusi.

Lakini kasoro kubwa ya benki kwako haina uhusiano na benki. Fedha ya akaunti iko kwenye simu. Ada ikichelewa, mama mkwe akihitaji dawa, shemeji akikwama, utaingia menyu na utatoa. Hakuna anayefika 60 na akaunti ambayo ndugu wote wanajua ipo.

Sasa nikuulize swali ambalo si wifi wala mume wala kijana wa benki amekuuliza: kwa nini NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, haipo kwenye barua yako? Watu wengi bado wanaamini NSSF ni ya walioajiriwa. Siyo. Aliyejiajiri anajiandikisha mwenyewe, kwa jina lake, anachangia kwa simu, kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi kadiri anavyopata. Na kinachotoka mwisho wake ni kitu ambacho karatasi ya wifi na akaunti ya benki haviwezi kukupa: pensheni ya kila mwezi mpaka unaingia kaburini, hata ukifika miaka 95. Milioni 31 zinaisha. Pensheni haiishi ukiwa hai, na ukifa kuna mafao ya warithi.

Sharti lake ni hili, na ndiyo sababu nakuharakisha. Ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Wewe una 42, umri wa kustaafu ni 60, hapo katikati kuna miezi 216. Maana yake una miezi 36 ya kukosa, miwili kila mwaka. Januari na Ramadhani zako zinaingia humo bila taabu. Ukisubiri mpaka ufike 45 ndipo uanze, ziada yote imekwisha, kila mwezi utakaokosa unakutoa kwenye pensheni ya kila mwezi na kukupeleka kwenye malipo ya mara moja tu. Kwa hiyo kati ya mambo yote unayoyafikiria, hili ndilo lenye tarehe.

NSSF nayo si ya kutegemea peke yake, kwa sababu ukichangia kidogo pensheni inakuwa kidogo. Hapo ndipo ningeweka vipande vya UTT AMIS. Ni kampuni ya serikali, na vipande vya mfuko wake wa kwanza, Umoja, vilianza kuuzwa 2005; inakusanya fedha za watu wadogo kama wewe na kuzipeleka kwenye hatifungani (yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba), amana za benki na, kwa baadhi ya mifuko, hisa. Unaanza na kidogo, unaongeza kwa simu, ukikwama unauza vipande na fedha inakuja baada ya siku chache za kazi. Kuchelewa huko kwa siku chache ndiko kunakonifurahisha: kunampa shemeji muda wa kutafuta pengine. Kwa mfano tu wa hesabu, laki kwa mwezi ikizaa asilimia 10 kwa miaka 18 inafika milioni 60. Sikuahidi asilimia hiyo, hakuna anayeruhusiwa kukuahidi, na kipande kinaweza kushuka thamani. Akiba yako ikishafika milioni moja iliyotulia, unaweza pia kwenda mwenyewe kununua hatifungani ya serikali ya miaka 20 au 25 kupitia benki yako. Kima cha chini ni hiyo milioni moja, riba inaingia mara mbili kwa mwaka, na kwa miaka mingi imekuwa ya tarakimu mbili. Ile ya kwanza ya miaka 25, iliyotoka 2021, ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Wanaokwepa riba kwa sababu ya dini hapa watanisamehe; wao wana benki na takafuli (bima ya Kiislamu) zinazofuata sharia, na barua yao nitaijibu siku nyingine.

Kwa hiyo laki yako ningeigawa hivi. Elfu 50 NSSF, hii ikiwa ya kwanza kutoka hata mwezi ukiwa mgumu. Elfu 30 vipande. Elfu 20 inayobaki ni ya kinga ya watoto, na hapa ndipo wifi anaingia. Mwambie akuletee bei ya bima ya maisha ya muda, ile isiyo na akiba ndani yake: ukifa ndani ya muda watoto wanalipwa, ukiwa hai muda ukiisha hupati kitu. Watanzania hatuipendi bima hii, tunaona fedha imepotea. Lakini mlinzi wa usiku unamlipa kila mwezi na hukasiriki kwamba mwizi hakuja. Usichukue ya miaka 18. Mdogo yuko darasa la nne, miaka 12 inatosha kumfikisha anakojitegemea. Anza kwa kuuliza bei ya milioni 20 ukiwa umeandika presha yako. Ikizidi hiyo elfu 20, shuka mpaka milioni 10, usiguse fungu la NSSF.

Mwezi ukiwa mzuri na ukabaki na zaidi ya laki, ziada yote iende kwenye akaunti ya yule kijana wa benki mpaka ifike milioni moja na nusu. Hiyo ni ya nyonga, ya paa la banda, ya Januari. Ikishafika hapo isimamishe. Asilimia 3 haitakuumiza kwa fedha ya dharura. Na vikoba, kama upo, baki humo kwa ajili ya mtaji na ada, ila mgao wa mwisho wa mwaka usiuite akiba ya uzee.

Kuna watakaokwambia uachane na yote haya ujenge vyumba vya kupangisha Kihonda. Ukiwa na fundi ndani ya nyumba si wazo baya, na ningependa mume wako alifikirie kwa zamu yake. Lakini chumba huwezi kukijenga kwa elfu 50 kwa mwezi bila kukaa na msingi uliootwa na nyasi miaka sita.

Kuhusu wifi, usimkatalie, mpunguzie. Mwite aje nyumbani, si bandani mbele ya wateja, mume akiwepo. Mwambie: “Wifi, nimekubali bima, ila ile ya muda, na nataka uniuzie wewe.” Atapata kamisheni ndogo kuliko aliyotarajia, lakini atapata, na mume atasikia kwa masikio yake kwamba akiba haikwenda kwenye bima. Na kwa kuwa ni ndugu, mambo yawe wazi zaidi kuliko kwa mgeni. Kila senti ilipwe kwa namba ya malipo ya kampuni, isipite kwenye simu ya wifi hata siku moja, hata akisema mtandao unasumbua. Kabla ya kusaini hakikisha kampuni na yeye mwenyewe wamesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Mkataba uwe mkononi mwako, na ndani yake uangalie una siku ngapi za kuurudisha ukibadili mawazo, na ukichelewa kulipa unapewa siku ngapi kabla kinga haijakatika. Jina la mnufaika liandikwe kamili, na kwa kuwa watoto hawajafika 18, taja mtu mzima atakayewapokelea. Siku mkigombana na kampuni, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huhitaji wakili kufika huko.

Anza na NSSF wiki hii, ofisi yao ipo hapo hapo Morogoro mjini. Nenda na kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si ya mume. Waombe wakuandikie masharti ya pensheni kwa mchangiaji aliyejiajiri, na mchango wa kwanza ulipe ukiwa hapohapo kaunta.